Kupanda na kushuka pikipiki bila kuanguka wala kuungua: mwongozo kamili kwa dereva na abiria

Makosa yanayojirudia ni matatu: pikipiki kulala chini ikiwa imesimama, abiria kuungua mguu wa kulia, na dereva kuondoka huku stendi ikining'inia. Yote hutokea katika zile sekunde chache za kupanda au kushuka, na mara nyingi mbele ya watu, kwa hiyo maumivu yanakuja pamoja na aibu.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za kawaida za bodaboda: Boxer, TVS HLX na jamaa zake. Klachi, gia, stendi ya pembeni na cheni viko kushoto. Breki ya mkono, breki ya mguu, kiki na ekzosi viko kulia. Kama yako imepangwa tofauti, izunguke kwanza ujue cha moto kiko wapi na stendi iko wapi.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Pikipiki hizi zina zaidi ya kilo 100 na zinasimama kwa magurudumu mawili tu. Uzito wa mtu usihame mpaka pikipiki iwe imeshikwa: breki ya mkono imebanwa, na ama miguu miwili ya dereva iko chini, ama stendi imekaa sawasawa. Karibu kila anayeanguka ikiwa imesimama hakulifuata jambo hilo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vilivyofunika vidole na visigino. Ndala hukwama kwenye kikanyagio au kuchomoka ukiwa katikati ya kurusha mguu.
- Suruali ndefu. Anayevaa dera, baibui au kitenge avae taiti au suruali ndani.
- Helmeti mbili zenye mikanda inayofunga, moja ya dereva na moja ya abiria.
- Kibao kigumu cha sentimita 10 kwa 10, au kopo lililopondwa likawa bapa, la kuweka chini ya stendi kwenye mchanga, tope au lami iliyolainika kwa jua.
- Kwa mazoezi: mahali tambarare, mtu mmoja wa kusaidia, na pikipiki iliyozimwa ikapoa kabisa.

Pima pia urefu wa siti. Nyingi ziko karibu sentimita 80 kutoka chini. Ukikaa, sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse ardhi. Ikiwa ni ncha za vidole tu, utaimudu ukiwa peke yako, lakini abiria akikanyaga upande mmoja atakuangusha. Siti inaweza kupunguzwa sponji na fundi wa viti. Usikimbilie kupunguza shokapu.

## Sehemu ya kwanza: dereva kupanda

### 1. Simama kushoto, utazame pikipiki ilivyokaa

Panda kutokea kushoto. Ekzosi iko upande wa pili, na stendi inailaza pikipiki upande wako, kwa hiyo siti inakuwa chini kidogo.

Tazama mguu wa stendi. Umezama? Gurudumu la mbele limeelekea mteremkoni? Kama pikipiki imeelekea chini, usiigeuze bado. Panda hapo hapo huku breki ya mkono ikiwa imebanwa muda wote. Helmeti ivaliwe sasa, ukiwa chini. Anayefunga mkanda akiwa juu ya siti ameachia mikono yote miwili.

### 2. Shika usukani, bana breki ya mkono

Mkono wa kushoto kwenye mshiko wa klachi, wa kulia kwenye breki. Bana breki, kisha isukume pikipiki mbele kidogo kwa nyonga. Isisogee. Ikisogea, breki ya mbele imelegea, na hilo ni la fundi kabla halijawa la hospitali.

Kwa nini breki ya mkono na si gia? Gia inazuia vizuri pikipiki ikiwa imezimwa, lakini ukigusa klachi tu imekwisha. Breki ya mkono inavitii vidole vyako.

### 3. Rusha mguu wa kulia

Uzito wote ubaki kwenye mguu wa kushoto ulioko ardhini. Inama mbele kidogo, kunja goti la kulia, upitishe mguu nyuma juu ya siti. Goti lililokunjwa linapita chini zaidi. Mguu ulionyooka unapiga keria au taa ya nyuma, na pigo hilo linatosha kuing'oa pikipiki kwenye stendi.

Usikanyage kikanyagio cha kushoto ukajiinua kama anayepanda farasi. Stendi ya pembeni imetengenezwa kubeba pikipiki iliyoegemea, haikutengenezwa kwa ajili yako pia. Ukiizoesha hivyo inapinda, boliti yake inalegea, na siku moja utaikuta pikipiki imelala yenyewe.

Kama nyuma kuna kreti au gunia, usirushe mguu nyuma. Inua goti la kulia mpaka kifuani, upitishe mguu kati ya tangi na mzigo. Ni polepole na haipendezi kwa macho, ila ndiyo njia.

### 4. Inyooshe, kisha pandisha stendi

Miguu yote miwili ikiwa chini, inyooshe pikipiki kwa mapaja na nyonga, usivute kwa usukani pekee. Ikishasimama wima, pandisha stendi kwa kisigino cha kushoto mpaka usikie springi ikiivuta "tak". Rudi uipapase tena kwa kisigino. Springi iliyochoka hupandisha stendi nusu, na barabarani inashuka.

Stendi iliyobaki chini haikudhuru ukienda moja kwa moja. Itakudhuru kwenye kona ya kwanza ya kushoto: pikipiki inalala, ncha ya stendi inagonga lami, gurudumu la nyuma linanyanyuka, nawe unarushwa. Baadhi ya pikipiki zina swichi inayozima injini. Ipime hivi: ukiwa umekaa na breki imebanwa, washa injini, shika klachi, shusha stendi, ingiza gia ya kwanza. Ikizima, swichi ipo. Ikiendelea kunguruma, kisigino chako ndicho swichi.

Ukifanya sawasawa: toka ulipoishika mpaka ulipokaa, gurudumu la mbele halikusogea, na hakuna wakati ulioruka kwa mguu mmoja kutafuta mizani. Rudia mara kumi injini ikiwa imezimwa. Usiongeze abiria kabla ya hapo.

## Sehemu ya pili: abiria kupanda

Hapa ndipo penye kazi. Dereva amezoea pikipiki yake; abiria anakuja na mfuko, haraka na nguo yake.

### 5. Dereva ajiandae kwanza

Dereva awe amekaa, stendi iko juu, gia iko fri (haijaingia gia yoyote), breki ya mkono imebanwa, miguu yote miwili iko chini. Mguu wa kushoto auweke nje zaidi kuliko wa kulia, kwa sababu uzito utakuja upande huo.

Fri, si gia ya kwanza huku klachi imeshikwa. Madereva wengi hushika klachi wakisubiri ili waondoke upesi. Abiria akimgusa mkono, au begi likagonga usukani, klachi inaachia na pikipiki inaruka mbele huku mtu ana mguu mmoja hewani.

Dereva afungue vikanyagio vya abiria yeye mwenyewe kabla hajamwita mtu. Abiria anayetafuta kikanyagio kwa ncha ya mguu wa kulia huangukia kwenye ekzosi.

Kisha aseme: "Panda, dada." Au mzee, au mama. La muhimu ni kwamba abiria asipande kabla hajasikia neno hilo, na dereva asilitamke kabla miguu yake haijakaa.

### 6. Mzigo na nguo kabla ya mtu

Begi la mgongoni livaliwe mabega yote mawili. Mfuko mdogo ukae katikati ya abiria na dereva. Usipande na mifuko mikononi. Mkono mmoja lazima uwe huru wa kushika bega.

Upindo wa dera, baibui au kanga ukusanywe kwanza, upitishwe mbele, na ukikaa uukalie. Ncha za mtandio ziingie ndani ya nguo. Cheni na sproketi ya nyuma viko kushoto, pale pale unapopandia, na spoki ziko pande zote mbili. Nguo ikikamatwa haichaniki tu. Inamvuta mtu chini.

### 7. Kupanda kwenyewe

Tokea kushoto, nyuma kidogo ya dereva. Weka mkono wa kushoto kwenye bega lake la kushoto. Uweke, usimvute. Mkono wa kulia ushike keria au siti.

Mwenye miguu mirefu: rusha mguu wa kulia uliokunjwa juu ya siti, ukae, ndipo uweke miguu kwenye vikanyagio, wa kulia kwanza kwa macho, kisha wa kushoto.

Mwenye miguu mifupi: kanyaga kikanyagio cha kushoto kwa mguu wa kushoto. Hapa watu wengi huharibu kwa kusimama wima juu ya kikanyagio kama walioko kwenye ngazi. Mtu wa kilo 75 akisimama hivyo ni sawa na kuning'iniza mfuko na nusu wa saruji upande mmoja wa pikipiki. Badala yake, kabla hujajiinua, inamisha kifua juu ya siti ili uzito uingie katikati, halafu jiinue na upitishe mguu kwa mwendo mmoja bila kusimama njiani.

Kwa mzee, mjamzito au mwenye goti bovu, tumia ukingo wa barabara au kibaraza. Dereva asimame sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingoni. Abiria akiwa juu ya ukingo, siti inashuka kwake na kikanyagio hakihitajiki kabisa.

Mguu wa kulia ukishapita, goti lielekee nje na kisigino kikae mbali na bomba. Ngozi ikigusa ekzosi iliyotoka safarini inaungua kabla hujauondoa mguu.

Ukifanya sawasawa: dereva hakulazimika kuhamisha mguu. Huo ndio mtihani. Kama alijongea hata hatua moja, kuna uzito uliokuja pembeni au ghafla.

### Kukaa upande

Kukaa ubavu hakupendekezwi: uzito wote unaning'inia upande mmoja, na tuta moja linatosha kumtelezesha mtu. Lakini wapo watakaokaa hivyo leo jioni, kwa hiyo angalau ifanyike kwa mpangilio. Kaa ukitazama kushoto, mbali na ekzosi. Geuza mgongo kwenye siti, jisogeze nyuma mpaka makalio yapite katikati ya siti, miguu yote miwili kwenye kikanyagio cha kushoto, mkono wa kulia kwa dereva, wa kushoto kwenye keria. Upindo wa nguo uwe chini ya mapaja. Na dereva aende polepole kuliko anavyotaka.

Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hatuielezi. Abiria ni mmoja.

## Sehemu ya tatu: abiria kushuka

### 8. Subiri isimame, na subiri neno

Dereva atoke barabarani kabisa, asimame kwenye ardhi tambarare, aweke fri, abane breki ya mkono, ashushe miguu yote miwili, ndipo aseme "shuka". Asisimame mguu mmoja juu ya ukingo na mwingine kwenye mtaro.

Kuruka pikipiki ikiwa bado inatambaa kunaonekana ujanja mpaka mguu wa mbele ukanyage kokoto. Mwili bado una mwendo, mguu umeshasimama.

### 9. Tazama nyuma, kisha shuka kushoto

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, hivyo anayeshuka kushoto anaangukia pembeni ya barabara, mahali salama. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia: kushoto kwa pikipiki ndiko magari yanakopita. Ekzosi lakini haijahama, kwa hiyo bado unashuka kushoto. Huko dereva aingie pembeni zaidi, abakishe nafasi ya mtu mzima kushoto kwake, na abiria ageuke atazame nyuma kabla hajanyanyua mguu.

Mikono yote miwili kwenye mabega ya dereva. Mguu wa kushoto ushuke chini kama unafika. Kama haufiki, ubaki kwenye kikanyagio huku kifua kimeinamia katikati. Nyanyua mguu wa kulia, ukunje goti, upitishe nyuma juu ya siti, utue kushoto. Miguu miwili ikiwa ardhini, achia mabega. Kuachia mapema ndiko kunakomfanya mtu arudi nyuma na kukalia hewa.

Kosa kubwa la hatua hii ni kushusha mguu wa kulia upande wa kulia. Shavu la mguu linapita moja kwa moja juu ya ekzosi, na wakati huo bado ina moto mkali. Dereva mzuri humkumbusha abiria wake: "Shukia huku, mama."

### 10. Nauli baadaye

Shuka kwanza, sogea hatua moja, ndipo utoe pesa au ufungue simu. Abiria anayejipapasa mfukoni akiwa juu anayumbisha pikipiki. Dereva naye anayenyoosha mkono wa kulia kupokea noti ameachia breki. Tazama kituo chochote cha bodaboda chenye mteremko kidogo: noti inapokelewa, pikipiki inateleza nusu mita, na wote wawili wanashtuka.

## Sehemu ya nne: dereva kushuka

### 11. Stendi, uzito, mguu

Abiria na mzigo wa mgongoni mwake vimeshashuka. Usishuke kabla yao, hata kama stendi unaiamini. Kisha ufuate mpangilio huu:

1. Zima injini, ukiendelea kubana breki ya mkono.
2. Sukuma stendi mbele kwa mguu wa kushoto mpaka igote mwisho. Isukume mara ya pili. Stendi iliyofunguka robo tatu inabeba kwa sekunde mbili, halafu inajikunja.
3. Ilaze pikipiki taratibu upande wa kushoto, ukisikilizia kwenye paja. Uzito ukishapokelewa, paja linalegea. Kama bado linabeba, stendi haijafika au inazama. Inyooshe tena uweke kibao.
4. Rusha mguu wa kulia nyuma, ushuke kushoto, breki bado imebanwa.
5. Ukiwa chini, ingiza gia ya kwanza, geuza usukani wote kushoto, ndipo uachie breki.

Gia ya kwanza ni kwa sababu stendi ya pembeni hujikunja pikipiki ikisogea mbele. Mteremkoni, egesha pua ikitazama mlimani. Ukiiegesha ikitazama chini na iko fri, mtoto akiigusa tu inaondoka, na stendi inafunga yenyewe.

Dabo stendi, ile ya katikati yenye miguu miwili, itumie kwenye sakafu ngumu, ukiwa umeshashuka. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria, kanyaga mguu wa stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse chini kwa pamoja, halafu weka uzito wako wote kwenye kisigino. Pikipiki itajinyanyua. Ukijikuta unavuta kwa mgongo, mguu mmoja wa stendi haujagusa.

## Ikianza kuanguka

Ikiinama kidogo unaweza kuizuia. Ikishapita nusu ya njia, achia. Kioo na indiketa vinanunuliwa. Kifundo cha mguu kilichobanwa chini ya kilo 100 ni miezi. Ruka upande wa pili wa inakoangukia, na usiingize mguu chini yake eti uipokee.

Kuinyanyua: zima kwa ufunguo, funga koki ya mafuta kama ipo. Ikiwa imelala kulia, ingiza gia ya kwanza isiteleze na ufungue stendi kabla hujaiinua, ili ikipita wima isilale upande wa pili; na jihadhari, ekzosi iko chini hapo. Ikiwa imelala kushoto, gia na stendi viko chini yake, kwa hiyo ukishaisimamisha ishikilie mpaka uifungue stendi. Kaa kwa makalio kwenye ubavu wa siti, mkono mmoja ushike usukani wa upande wa chini, mwingine ushike keria, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Mgongo ubaki umenyooka. Kabla ya kuondoka, bana breki na klachi uone kama vishikio havijapinda, na uhakikishe usukani unageuka pande zote.

## Mguu ukiungua

Weka sehemu iliyoungua chini ya maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likikosekana, mimina kwa kikombe. Vua kikuku, soksi na kiatu mapema kabla mguu haujavimba, lakini nguo iliyonata usiibandue. Barafu hapana, nayo inaumiza ngozi. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, majivu na asali ya dukani viache jikoni: vinashikilia joto au vinaleta uchafu, na daktari atalazimika kuvisugua.

Lengelenge usilipasue. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi. Nenda kituo cha afya kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi, haisikii maumivu, au mhusika ni mtoto au ana kisukari.